Waliochuma kwa Namba ya Mama

Mmenisumbua vya kutosha kwenye grupu letu. Tangu nirudi, kila anayenipigia anauliza lile lile: "Domi, kazi ulianza au hukuanza?" Nikijibu kwa neno moja mtanielewa vibaya, na nikianza kueleza kwa simu kuna wale wawili (mnajijua) watakaonikatiza na utani wao. Basi nimeandika. Tiketi, viza na makaratasi ya chuo nimeyaruka, hayo hata mimi hayanipi raha. Naanzia barabarani, kwa sababu jibu lenyewe nililipata barabarani.

Kwa wasiojua kwetu: nilizaliwa Kericho, kwenye laini za shamba la chai, zile safu za nyumba ambazo kampuni huwapa wafanyakazi. Mama yangu, Kemunto, alitoka Kisii akiwa msichana akachuma chai mpaka akastaafu. Kila mchumaji ana namba yake, na majani anayofikisha kwenye mizani huandikwa kwa namba hiyo. Nilipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea udaktari wa uhandisi, wafadhili walilipa karo, lakini nauli, nguo za baridi na cha kutia tumboni hadi nizoee havikuwa na mfadhili. Hapo wanawake watatu wa laini yetu wakafanya jambo ambalo nyapara alijifanya halioni. Kila jioni, kikapu chao cha mwisho walikipeleka kwenye mizani kwa namba ya mama. Pesa hawakuwa nazo za kuchanga, kwa hiyo walichanga majani. Mvua inyeshe, mgongo uume, kikapu kimoja kilikuwa changu.

Sasa sikieni shida yangu. Huko ng'ambo nilisomea mashine ya kuchuma chai. Ni ile inayoshikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mstari na mwenzake upande ule, ikipita juu ya michai inakata. Inatikisika sana, hadi mikono ya anayeishika inakufa ganzi, na mimi miaka yangu yote ya udaktari nilikuwa natafuta namna ya kuutuliza mtikisiko huo. Nilijiambia nawatafutia wafanyakazi nafuu. Nikiwa huko huko, mashine zikafika shamba letu, na wachumaji wakarudishwa makwao laini baada ya laini. Wale watatu walikuwa miongoni mwao. Na kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeniita nifike Jumatatu nianze kazi ya kusimamia mashine zake.

Mama anajua yote. Nilipotua Nairobi alinipigia kabla hata sijapata begi langu.

"Jumamosi nachinja ng'ombe ya shukrani," alisema. "Hao wamama utawaita na mguu yako, si na simu. Na utawaambia ulisoma nini kabla hawajakula kwangu. Sitaki mtu akule nyama yangu halafu asikie hiyo maneno kwa njia akienda."

Kwetu mtu akila kwako amekukubali. Ukimlisha huku umemficha jambo, umemwibia hilo neno la kukubali. Kwa hiyo nilikuwa na watu watatu wa kuwaona na neno moja la kuwaambia.

Nairobi hadi Mulot

Nilitoka mapema na gari la binamu yangu, Probox. Nyuma nilipakia mablanketi matatu, sukari, unga, na zawadi nyingine ambayo naomba msiicheke: pakiti za chai ya ng'ambo. Ndiyo. Mtoto wa Kericho amewabebea watu wa Kericho chai. Wakati nainunua niliona wazo zuri sana.

Nilipanga kumwona Mama Chebet Mulot kabla ya saa nne, nimkute Mama Nafula Bomet mchana, na jioni niwe Kericho kwa Mama Moraa. Kwenye mpango huo sikuwa nimeweka ng'ombe. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo Mulot, na barabara yote ilikuwa pembe na mikia. Nilipiga honi. Mwenye ng'ombe mmoja akaja taratibu hadi dirishani, fimbo mabegani, akaniangalia.

"Boss, hii kelele ni ya nini?"

"Naomba njia, mzee. Nina haraka."

"Ng'ombe haina gia ya rivas," aliniambia, akarudi zake.

Nilizima gari. Nikaliwasha. Nikalizima tena. Niliyakariri maneno yangu kwa sauti, "Mama, kuna jambo nataka ulijue," hadi ndama mmoja akasimama kunisikiliza. Haraka haraka haina baraka, lakini nawaambieni, hata polepole ya Mulot haikuwa na baraka yoyote niliyoiona asubuhi ile.

Mulot: mashine isiyokuwa yenyewe

Mama Chebet ana hoteli ndogo ya mabati karibu na uwanja wa mnada. Chai, chapati, maharagwe, na nyama siku za soko. Aliponiona aliacha mwiko kwenye sufuria, akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Chamgei, weri! Kemunto aliniambia utakuja, nikasema huyo hawezi kuja, huyo sasa ni mzungu. Umekonda! Kwani huko watu hawakulangi?"

Alinikalisha mbele ya wateja wote, akaleta kibuyu cha mursik, maziwa yaliyoganda vizuri na yenye rangi ya mkaa, akanimiminia kikombe hadi pomoni. "Kunywa. Mtu akitoka kushinda, anakunywa maziwa." Wanunuzi wa ng'ombe wakanipigia makofi bila kujua nimeshinda nini. Nilikunywa nikiona aibu. Maziwa yalikuwa matamu.

Nikatoa blanketi, akajifunika nalo papo hapo na joto lile. Kisha nikatoa chai. Alifungua pakiti moja, akachomoa kifuko, akakiinua kwa kauzi kake, akakizungusha mbele ya macho.

"Na hii wameifunga namna hii, ilifanya makosa gani?"

Alikipasua, akamwaga majani kiganjani, akanusa, akawaonyesha wateja. Hoteli nzima ilicheka. Hata hivyo aliyatia kwenye sufuria ya maziwa na tangawizi, na nakiri chai ilitoka nzuri, ingawa sifa zilikuwa za tangawizi.

"Sasa Domi, ulisoma nini hasa? Mamako anasema injinia."

"Nilisomea mashine, mama."

Nilikuwa navuta pumzi ya kumalizia. Sikuipata nafasi. Mama Chebet alipiga makofi, akamgeukia mzee aliyekuwa anakula maharagwe. "Si ndiyo huyu! Si Mungu amemleta! Mashine yenu ya kusiaga imekufa tangu juzi!"

Kabla sijajua nimeinuliwa na kiti changu, nilikuwa kwenye kinu cha posho, watu wamesimama na magunia ya mahindi, wote wananitazama. Mkanda ulikuwa unaruka kwa sababu injini ilikuwa imehama kidogo kwenye msingi wake. Tuliisukuma, tukaikaza, ikasaga. Ningetoka hapo, lakini habari zilishaenea. Kuna aliyeleta pampu ya dawa. Kuna aliyeleta redio. Mama mmoja alileta cherehani kichwani, akaniambia ana subira. Nilijaribu kusema kwamba nina safari, nikaulizwa safari gani inayozidi watu. Jua lilivuka utosi nikiwa nimepiga magoti kwenye unga, nikiwaza Bomet, nikiwaza Kericho, nikiwaza Jumatatu.

Ndipo nikaelewa kwamba nafasi nzuri haitakuja. Nilipokuwa tayari nimewasha gari, Mama Chebet ameshika kioo ananiombea baraka za njia, nikasema yote kwa mara moja.

"Mama, ile mashine niliyosomea ni ya kuchuma chai."

"Ile ilitutoa?"

"Ile. Na Jumatatu kampuni inaniandika kazi ya kuziangalia. Mama alitaka mjue kabla ya kula kwake."

Aliutoa mkono wake kwenye kioo, akaufuta kwenye aproni. Hakukasirika, au kama alikasirika sikuona. Alitazama barabara.

"Endesha polepole," alisema. "Ng'ombe bado ni wengi."

Sikujua hilo lilikuwa ni kwaheri au kitu gani.

Bomet: firigisi

Bomet nilifika jua linataka kuondoka, nikamkosa Mama Nafula. Binti yake alikuwa amejifungua, na yeye alikuwa Kaplong tangu jana anamwuguza. Nyumbani nilimkuta mumewe, Mzee Wafula, mzee wa kutoka Bungoma aliyekuwa akiendesha trekta shambani kwetu, sasa anauza mitumba sokoni Bomet. Nikamwambia, mzee, shikamoo, nakimbia Kaplong.

"Unakimbia wapi? Mulembe kwanza, tusalimiane. Mtu hapiti kwangu kama gari ya maiti. Kuna kuku."

Kweli kuku alikuwepo, ila yeye mwenyewe hakuwa amekubali. Alizunguka nyumba, akapita chini ya gari langu, akaingia kwa jirani. Mzee Wafula alitembea nyuma yake kwa heshima, akimwita. Mimi nilisimama na funguo mkononi. Sijawahi kumchukia kuku kama nilivyomchukia yule. Aliposhikwa, akachinjwa, akachemshwa na ugali ukasongwa, hapakuwa tena na habari ya kuondoka siku hiyo.

Mezani Mzee Wafula alikata firigisi vipande viwili. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, haigawiwi ovyo. Alisukuma nusu upande wangu. Nikairudisha sahani katikati.

"Mzee, ngoja kwanza. Sitaki kula kabla hujajua."

Nikamweleza. Alisikiliza huku akitafuna nusu yake, na nilipomaliza alitazama mlangoni kana kwamba kuna mtu ametusikia.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama Chebet."

"Ungenyamaza! Wewe sema injinia, basi. Injinia wa nini, nani atauliza? Pasta atasema injinia, watu watapiga kelele, watakula, wataenda. Mchuma janga hula na wa kwao. Unataka mamako akae pale kwake, watu wakipita wanamnyoshea kidole?"

"Mama mwenyewe ndiye amesema niseme."

"Kemunto ni mkali tangu zamani," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akashusha sauti. "Mimi siku mashine zilikuja nilikuwa kwa trekta. Ndiyo nilizibeba kutoka stoo mpaka shamba. Nafula mpaka leo sijamwambia hiyo."

Alinisukumia ile nusu ya firigisi tena, nami nikaila. Nililala kwenye kochi lake lenye vitambaa vya kufuma, na ushauri wake ukanikalia vibaya, kwa sababu ulikuwa ushauri nilioutaka.

Kaplong: jina

Asubuhi nilifika Kaplong nikamkuta Mama Nafula nje ya hospitali, ameketi kwenye nyasi na chupa ya chai na bakuli la uji, anangoja saa ya kuwaona wagonjwa. Nilijiunga naye kungoja. Kama kuna kitu siwezi, ni kungoja, na safari hii haikunipa kingine. Nilikuwa nasimama, nakaa, naangalia geti, nasimama.

"Kaa chini, mtoto wangu. Unanichokesha macho," alisema Mama Nafula. Kisha akacheka peke yake, furaha imemjaa. "Nikuambie kitu? Ni kijana. Nimewaambia tutamwita Dominic. Akue akienda shule mpaka ndege imchukue kama wewe."

Mtanisamehe, machozi yalinijia pale pale. Niliona ushauri wa Mzee Wafula ukinifungulia njia nyeupe: nyamaza tu, mtoto apate jina, Jumamosi tule. Ningeweza. Ninawaambia ukweli kwamba niliusikia ulimi wangu ukitulia.

Lakini nilimwambia. Nilimwambia nikitazama bakuli la uji, maneno yangu yamepinda, nikianza na mtikisiko na kufa ganzi na mambo mengine ambayo hayakuwa na maana kwake, hadi nikafika penyewe. Mama Nafula ana uso unaoonyesha kila kitu. Niliuona ukijifunga.

"Sisi tulitolewa Ijumaa," alisema. "Tukaambiwa Jumatatu nyumba iwe wazi. Nilikuwa na mboga kwa shamba ile ya nyuma ya laini, sukuma ilikuwa kubwa hivi. Niliacha tu."

"Pole, mama."

"Si wewe uliitengeneza. Hiyo najua. Ilitoka na meli, wewe ulikuwa bado unasoma." Alifunika uji vizuri. "Lakini hiyo jina wacha ingoje kidogo. Mtoto hana haraka."

Geti likafunguliwa, akaondoka na chupa yake na blanketi nililomletea, hakuniambia niingie. Nilipokuwa narudi kwenye gari aliniita kwa mbali, kina mama wengine wakigeuka.

"Moraa utamwambia mwenyewe? Au unataka nimpigie?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Basi Mungu akuone," alisema.

Lori la majani

Kutoka hapo hadi Kericho si mbali, ila mchana ule mvua ilishuka kama inavyoshuka kwetu kila siku baada ya chakula, na safari hii ilikuja na mawe. Yalipiga bodi ya Probox hadi sikusikia mawazo yangu, jambo ambalo nililishukuru. Niliacha lami nikaingia barabara ya udongo inayokwenda upande wa Mama Moraa, na baada ya kona mbili nikakuta lori la majani limekwama, limeinamia upande mmoja, limeziba njia yote.

Dereva alikuwa anazunguka lori lake akishika kichwa. Majani yakikaa kwenye magunia yanapata moto, yanageuka rangi, na kiwandani yanakataliwa. Wenye mashamba madogo waliochuma asubuhi walikuwa wamefika na miavuli, kila mmoja akijua gunia lake liko wapi ndani mle. Tulikata matawi, tukatia mawe chini ya magurudumu, tukasukuma. Nilisukuma kwa nguvu kuliko wote, si kwa wema, ni kwa sababu nilitaka kupita. Gurudumu lilizunguka likanipaka matope kutoka kichwani hadi viatu.

"Pole, mwalimu," alisema mzee mmoja aliyekuwa kando yangu, akiona shati langu. Sikumsahihisha.

Lori lilitoka, lakini lilipotoka lilikuwa limechimba shimo ambalo Probox isingelivuka. Nikaliacha gari pale, nikatia blanketi la mwisho kwenye gunia la plastiki, nikaenda kwa miguu.

Kwa Mama Moraa

Mama Moraa ndiye aliyeanzisha jambo lile la vikapu. Siku nilipopata barua ya chuo, mama alilia kwa kukosa pesa, wengine wakampa pole, na Moraa akasema, "Pole haipandi ndege. Leteni majani." Wengine walimfuata. Ndiyo maana nilimwacha mwisho, ingawa ilikuwa rahisi kujidanganya kwamba ni kwa sababu ya njia.

Nilimkuta kwenye shamba la mtu, anachuma kibarua, peke yake kati ya mistari, aproni ya nailoni imemfika miguuni. Mvua ilikuwa imekatika. Aliniona, akaniangalia matope yangu yote, na mikono yake haikusimama.

"Domi."

"Mama. Nimekuja kukuita. Mama anafanya shukrani Jumamosi."

"Nimesikia. Nafula amenipigia."

"Amekuambia?"

"Amesema una neno. Hakusema neno gani. Sema, mimi nachuma."

Basi nilisema nikiwa nimesimama upande wa pili wa mstari, yeye akisogea na mimi nikisogea, michai ikiwa katikati yetu. Nilisema mashine, nikasema Jumatatu. Alichuma hadi mwisho wa mstari. Akatupa majani kikapuni juu ya bega, akageuka.

"Asante ya punda ni mateke," alisema. Hakupaza sauti.

Nililijua neno hilo tangu Nairobi, nilikuwa nimejiambia mwenyewe mara nyingi, na bado kulisikia kutoka kwake kulinichoma. Nikaanza kumweleza habari ya mikono kufa ganzi. Akanikatiza.

"Nani anaishikanga?"

"Mashine? Wanaume wawili, na wengine wa kubeba magunia."

"Umewahi kuona mwanamke ameishika?"

"Hapana."

"Ni nzito?"

"Ile ya zamani ni nzito, na inatikisa. Ile niliyoifanyia kazi ni nyepesi kidogo. Mwanamke anaweza. Hata huko nilikokuwa waliijaribu wanawake."

Kwa mara ya kwanza mikono yake ilitulia.

"Sisi tulichuma ili usome," alisema. "Hatukukuambia usome nini. Hiyo siwezi kukushtaki nayo. Lakini kazi yangu imeisha na umri huu, na hiyo pia siwezi kuimeza kwa sababu wewe ni mtoto wa Kemunto." Akachukua lile gunia lenye blanketi mkononi mwangu, akalitundika kwenye mti wa uzio lisipate maji. "Jumamosi nitakuja. Lakini sitakula."

Jumamosi

Mama alichinja, nyumbani kwake Kericho. Hema lilikodishwa, pasta akaja, kwaya ikaimba zaidi ya ilivyoombwa. Nilikuwa natoka nje kila baada ya muda mfupi kutazama barabara. Mama Nafula alikuja na Mzee Wafula aliyekwepa macho yangu. Sikutarajia Mama Chebet, na nilipomwona akishuka kwenye bodaboda na kibuyu amekikumbatia, nilikimbia kama mtoto. Alinivisha shingoni sinendet, ule mmea mrefu wa kijani ambao watu wa kwao humvika aliyeshinda, akaurekebisha ukae sawa. "Kongoi, asante kwa kusema," alinong'ona, akaenda kukaa.

Mama Moraa alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani.

Nilisimama kabla ya pasta kunitaja. Nikawataja wale watatu, nikaeleza habari ya vikapu, na watu waliokuwa hawaijui wakapiga vigelegele. Kisha nikasema nilisomea mashine ya kuchuma chai. Vigelegele vilikatika. Nusu ya watu pale walikuwa wametoka kwenye laini zile zile. Mjomba wangu alikohoa, akaniashiria nikae. Sikukaa. Nilisema nawashukuru, na kwamba najua shukrani yangu imewafikia ikiwa na miiba, na kwamba sijui niifanye nini.

Mama Moraa aliinuka. Hakuja mbele, alisema pale pale.

"Jumatatu unaenda kazi?"

"Nimeitwa, mama."

"Tutaenda na wewe. Tulienda kuomba watufundishe hiyo mashine, tulio na nguvu bado. Tulienda mara nyingi, tunaishia kwa geti. Wewe geti watakufungulia."

Akaketi. Chakula kilipogawiwa, mama alimpelekea sahani kwa mkono wake mwenyewe. Mama Moraa aliipokea, akaiweka chini ya kiti, akaendelea kuzungumza na jirani yake. Mama aliona. Alirudi jikoni akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Getini

Jumatatu nilivaa koti. Nilikuwa nimewaza usiku kucha nitakavyoingia, nizungumze na meneja vizuri, nimweleze, halafu niwaite. Ulikuwa mpango mzuri wenye adabu. Nilipofika getini wanawake walikuwa wameshafika, wengi kuliko niliotarajia, wamesimama kando ya barabara na leso mabegani. Mama Nafula alikuwepo, amefika kutoka Kaplong. Mama Chebet alikuwa amelala kwetu, akaja na mama. Mama Moraa hakunisalimu. Aliangalia tu.

Askari wa geti alikuwa ameambiwa nakuja. Alinipigia saluti.

"Karibu, Daktari. Meneja anakungoja. Wewe pita na gari." Akawageukia wale. "Nyinyi rudini nyuma, tafadhali. Leo si siku ya kuandika watu."

Alifungua geti upande mmoja, upana wa Probox. Kule ndani niliona ofisi, maua yaliyokatwa vizuri, na mlango ulioachwa wazi kwa ajili yangu. Nilikuwa nautaka ule mlango. Msinifanye mtakatifu, nimeusomea miaka yote hiyo, na sijui mwingine utafunguka lini. Askari alinipungia mkono niingie. Nikazima gari, nikashuka.

"Nimekuja na hawa," nikamwambia.

"Daktari, hawa hawako kwa orodha."

"Basi mwambie meneja tuko hapa. Wote."

Aliingia kwenye kibanda chake akapiga simu, akitutazama kupitia kioo. Alirudi amebadilika sauti. Meneja amesema niingie peke yangu, au nirudi siku nyingine. Nikamwambia tutangoja. Aliniangalia kama mtu anayenionea huruma, akafunga geti.

Kwa hiyo, enyi mnaouliza: kazi sijaanza. Huenda nisiianze. Siku hiyo meneja alitoka jioni na gari yake akapita, siku ya pili akasimama akateremsha kioo, na wiki hii amesema atawasikiliza wanawake sita. Naandika haya nikiwa Nairobi kurudisha gari la watu, na kesho narudi huko.

Ila mlitaka kujua ilikuwaje, na ilikuwa hivi. Geti lilipofungwa, nilibaki nimesimama mbele yake na koti langu, sijui nielekee wapi, natembea huku narudi huku. Wanawake walikuwa wameshakaa kwenye nyasi. Mama Moraa alisogea kidogo, akakunjua leso yake upande wa pili, akaipigapiga kwa kiganja.

"Kaa basi," aliniambia. "Hapa tunangojanga sana."